Mbuzi, Boma

Watu wa Kivu wakinisikia nasema kwamba nilipanda mlima huku Kisangani, wanacheka. Wanasema, mama, ule si mlima, ule ni kichuguu. Sawa. Mimi sibishani na mtu aliyezaliwa mahali ambapo hata kwenda chooni ni kupanda. Ninachojua ni kwamba upande wetu nchi yote imelala kama mkeka, na mahali popote panapokulazimisha kushika magoti kwa mikono panaitwa mlima. Anayecheka aje aupande akiwa na mbuzi.

Mlima wenyewe uko chini ya mji, mkono wa kulia, ukifuata maji yanakokwenda. Miaka ile ya hamsini ulikuwa unaondoka mjini alfajiri kwa mtumbwi, na jua likianza kuuma unaona ukingo unainuka mwekundu juu ya maji. Chini kuna kijiji cha wavuvi, juu kuna msitu, na ndani ya msitu kuna boma. Siku hizi vijana wanakwenda na pikipiki zao hadi nusu ya njia, wanapigana picha ukutani, wanarudi. Wanasema ni pazuri. Hawaulizi nani alikuwa nyuma ya ukuta ule na bunduki yake ilikuwa inamngoja nani.

Boma hilo ni la vita vya Waarabu na Wazungu, vita ambavyo mimi sikuviona na mama yangu hakuviona. Kwanza walilijenga watu wa Waarabu. Walichimba handaki, wakapandisha ukuta wa udongo, wakasimika miti iliyochongwa ncha. Kisha askari wa Wazungu wakaliteka, wakaongeza ukuta wa mawe wenye matundu ya bunduki na jukwaa la mzinga linalotazama mto. Kisha vita vikaisha, mzinga ukaondolewa, askari wakaenda zao, na msitu ukarudi kuchukua mali yake.

Baba ya baba yangu alikuwa askari upande wa Waarabu. Alizaliwa karibu na bahari, akapita Maniema, akaoa huko, akashuka na mto, akafa mle mle bomani, na kaburi lake liko chini ya ukuta. Kwa hiyo papa alikuwa anasema "boma" kama mwingine anavyosema "nyumbani". Hakusema boma la mlimani wala boma la Waarabu. Alisema boma tu, na sisi watoto wake tulijua.

Papa alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mgiriki mmoja. Alikuwa mtu mkavu. Maneno aliyakata kama alivyokata nguo, bila kuacha kipande cha kutupa. Watu wanasema nimefanana naye. Sijawahi kukataa.

Mume wangu, ambaye wakati huo hakuwa mume wangu bado, alikuwa mtu wa mto, wa upande wa Yanonge. Alikuwa anapanda mjini na samaki wa kukaushwa, na mimi nilikuwa nauza vitumbua libongo, ndivyo tunavyoita pale mitumbwi inapofunga. Alinunua vitumbua vyangu msimu wa maji mengi na msimu wa maji machache, akiwa na njaa na akiwa ameshiba. Watu wa kwao wanasema Lingala na lugha yao ya nyumbani. Kiswahili chao ni cha sokoni, kinatosha kununua chumvi na kugombana.

Alikuwa amebatizwa. Alipoambiwa kwamba papa hatoi binti nje ya dini, alikubali kuingia. Mama yake alilia siku nyingi. Noko yake, yaani mjomba, kaka ya mama, na kwao noko ndiye mwenye sauti, alisema mtoto huyu ni mtu mzima, na aoge maji anayoyataka. Basi kwao neno likaisha. Likabaki kwetu.

Papa alikaa nalo mwezi mzima. Siku moja aliacha kukanyaga cherehani, akaniita, akasema bila kunitazama, "Sina neno naye. Lakini neno ya mutoto yangu itasemwa kule baba yangu iko amelala. Balete mbuzi, nitachinja kwa mukono yangu, tutakula sahani moya. Kama tumekula, tumekuwa ndugu. Kama hatukukula, hakuna."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba yetu. Mbuzi analetwa na upande wa mume, anakuja na miguu yake. Baba ya binti ndiye anayemchinja, kwa bismillahi, akielekea kibla. Pande zote mbili zinatia mkono katika sahani moja. Kabla ya nyama ile kushuka kooni, hata kama watu wamesema maneno mazuri mpaka jua limezama, hakuna ndoa.

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa anauza chumvi, alikuwa anashuka Yanonge wiki ile. Papa akamtuma. Mimi nilikuwepo, nachambua mchele. Alimwambia, Jumamosi ya kwanza mwezi ukiandama, juu ya mlima. Kisha akamwambia, "Mbuzi, boma." Yule mama akarudia maneno yote ili yasimpotee, akapanda mtumbwi wake.

Jumamosi ile tulishuka mto tukiwa papa, wazee wawili wa msikitini, shangazi yangu dada ya papa, na mimi. Mimi sikuruhusiwa kupanda. Kwetu mwari hasikilizi neno lake likisemwa. Anakaa mbali, anapika. Papa, wazee na shangazi walipanda asubuhi. Mimi nikabaki pwani na sufuria ya wali. Papa ndiye aliyeita ufuko wa mto pwani, kwa kuwa baba yake alikuja na neno hilo kutoka baharini, na sisi sote tukalichukua, ingawa kutoka hapa hata ukitembea mpaka viatu viishe bahari huioni.

Watu wa mto walifika katika mtumbwi mkubwa. Walikuwa noko, ndugu zake wawili, na mume wangu mwenyewe. Wote wamevaa mashati meupe yaliyopigwa pasi ya makaa. Yeye alikuwa amebeba mgongoni kikapu kirefu kilichofungwa kwa majani, kizito, na alinitazama upande kidogo tu kwa sababu ya wakubwa. Nilitafuta mbuzi kwa macho. Sikumwona. Nikajiambia labda wamemtanguliza jana kwa mtu. Wakapanda. Nikaongeza kuni.

Jua lilikuwa limeshapita utosi nilipomwona shangazi akiteremka, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, na mwanamke yule hata nyumba ikiungua alikuwa anafunga kitambaa kwanza.

"Zima moto," akasema.

Nikamuuliza kwa nini.

"Zima moto. Hakuna arusi."

Akakaa juu ya jiwe akanieleza. Noko alikuwa amefungua kikapu mbele ya papa kwa furaha kubwa. Ndani alikuwemo mbuzi mzima, amekaushwa kwa moshi, mwekundu na mgumu kama mbao ya mlango, kichwa kimewekwa juu. Watu wa mto kila kitu wanakausha, na kitu cha mgeni wa heshima wanakikausha kwa uangalifu zaidi, kwa kuni za kuchagua. Papa akauliza nani alichinja. Noko akasema hawakuchinja, walimpiga rungu, na akaongeza kwa majivuno, "Mara moya tu, muzee. Hakusikia hata maumivu."

Shangazi alisema papa alisimama kama mtu aliyekalia sindano. Akawaambia kwamba wamebeba nyamafu mpaka kwenye kaburi la baba yake. Akawaambia kwamba mtu anayekubali dini ya wenzake kwa mdomo na kuitukana kwa kikapu ni bora angebaki kwao. Akasema atasali alasiri palepale, kisha atashuka, na mguu wake ukishaingia katika mtumbwi, hakuna atakayetaja tena watu wa mto ndani ya nyumba yake. Neno "nyamafu" watu wa mto walilijua. Noko alikuwa anafunga kikapu chake tena, jani kwa jani.

Nilimjua papa. Neno lake likishaingia mtumbwini, limekwisha.

Nikamuuliza shangazi, neno lililopelekwa Yanonge ni lipi, mwanzo mpaka mwisho.

"Unalijua. Jumamosi, juu ya mulima. Mbuzi, boma."

Nililirudia neno lile kimoyomoyo. Kisha nikacheka, na shangazi akadhani wazimu umenipanda. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakaa libongo kila siku. Kila siku nawasikia wanawake wa mto wakimwambia muuza samaki, boma mbisi, boma mbisi oyo, na yeye anashika rungu dogo anampiga samaki kichwani. Kwa Lingala boma si ukuta. Boma ni kuua. Papa alituma kwamba mbuzi afike bomani. Mama wa chumvi alipeleka neno lilivyo, hakuongeza, hakupunguza. Na watu wa mto wakasikia baba mkwe anaamuru, mbuzi, ua. Wakaua. Wangefanya nini kingine? Walitii.

Nikamweleza shangazi. Akashika kinywa. Kisha akasema basi nipande upesi nimweleze papa.

"Papa hatakula maelezo," nikamwambia. "Atakula mbuzi."

Moto sikuuzima. Nilimwomba mwanamke mmoja wa kijiji autazame wali, nikaanza kutafuta mbuzi.

Kijiji cha wavuvi hakina mbuzi wengi. Nilimkuta mmoja tu, dume jeusi, amefungwa chini ya uchanja wa kukaushia samaki, na mwenyewe alikuwa mjane mmoja aliyekuwa anatengeneza wavu. Akasema hauzi. Nikamwomba. Akasema mbuzi huyu anamngojea mwanawe anayerudi kutoka kazini Barumbu. Nikamwambia mwanawe akija atakuta samaki, na mimi nikikosa mbuzi nitakosa mume. Akaendelea kufunga mafundo yake. Ndipo macho yake yakaenda kwenye furushi langu. Ndani ilikuwamo nguo yangu ya arusi, kijani, ya kung'aa, papa aliishona mwenyewe jioni baada ya kazi za watu. Nikaifungua nikamwekea magotini juu ya wavu.

Akaipapasa kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa viganja vyake vilikuwa na magamba ya samaki.

"Na siku ya arusi utavaa nini?"

"Nitavaa mbuzi."

Yule mama hakucheka, lakini alifungua kamba.

Basi tukaanza kupanda, mbuzi, mimi na shangazi. Viatu niliviacha pwani. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, imechimbwa na mvua katikati kama mfereji, na mizizi imeikata hapa na pale ikawa kama ngazi za mlevi. Mimi navuta mbele, shangazi anasukuma nyuma kwa fimbo, na mbuzi yuko katikati na maoni yake. Akipenda jani anasimama. Akiona kivuli anasimama. Shangazi alikuwa mnene, anahema kama kiriba cha mhunzi, na kati ya pumzi na pumzi ananisema. Alisema mwari hapandi kujitafutia mume. Alisema siku yake yeye alikaa ndani, amefunikwa shuka, hajui hata nani anaongea nje. Nikamuuliza, na ulipofunuliwa ukamkuta nani? Akampiga mbuzi fimbo, kwa kuwa sisi sote tulijua alimkuta nani, na alimwacha mwaka uleule.

Nusu ya mlima tukafika kwenye handaki. Ni shimo refu linalouzunguka mlima kama mkanda, siku hizi limejaa majani makavu, lakini bado mtu mzima akisimama ndani hamwoni mwenzake aliye juu. Walikuwa wameweka gogo la kuvukia. Mbuzi akalitazama gogo, akanitazama mimi, akakaa chini. Shangazi alimpiga, nikamvuta, akalala kabisa. Nilisikia huko juu, mbali, sauti ya mzee wa msikitini akiadhini. Alasiri ilikuwa imeingia.

Nikamshika miguu ya mbele na ya nyuma, nikamtupa mabegani kama kuni, nikashuka handakini, nikapanda upande wa pili kwa magoti. Alinikojolea shingoni, mkojo wa moto, ukashuka mpaka kiunoni. Sikumwachia. Shangazi alivuka juu ya gogo akiwa amekaa, anajisogeza kwa makalio, anasoma kila dua anayoijua.

Baada ya handaki kuna ukuta wa udongo. Umekatika, mchwa wameugawana, na sehemu nyingine huwezi kujua kipi ni ukuta na kipi ni kichuguu. Mbele yake kuna miti mikubwa, na mgeni anadhani ni msitu tu. Lakini ukitazama vizuri unaona imesimama kwa mstari. Ni vigingi vya boma. Walivichonga ncha, wakavisimika vibichi ili vizuie watu, na vita vilipoisha vikaota. Papa alinionyesha nilipokuwa mtoto. Alisema watu waliovisimika wamekufa wote, vigingi ndivyo vilivyobaki hai.

Kisha njia inasimama wima mpaka kwenye ukuta wa mawe. Hapo nilimshusha mbuzi kwa sababu mabega yalikuwa hayana tena hisia. Nikaegemea ukuta, na mgongo wangu ukaziba tundu la bunduki. Nikatazama kule alikokuwa anachungulia askari. Mto wote ulikuwa mbele yangu. Niliona visiwa, kimoja nyuma ya kingine, mpaka vinakuwa moshi. Niliona mafungu ya mchanga yaliyotoka majini, mitumbwi midogo kama maganda ya karanga, na upande wa mjini meli ya abiria inapanda polepole na kukokota majahazi yake ya mizigo. Pwani niliona moshi mwembamba wa sufuria yangu. Kwa hiyo wali ulikuwa bado upo motoni. Nikashika kamba.

Mlango wa ukuta ule ni mwembamba. Waliujenga makusudi, mtu mmoja apite kwa wakati mmoja, adui akija auawe mmoja mmoja. Nilipofika, nilisikia miguu inashuka. Ni noko, na nyuma yake ndugu zake, na mwisho kabisa yeye, na kikapu mgongoni. Tukakutana mlangoni.

Mke wa mtoto wao, na hata aliye njiani kuwa mke, anapomwona noko anapisha, anainama, anageuza uso. Mimi niliinamisha macho. Miguu sikuisogeza. Mbuzi akasimama kando yangu, na mlango ukajaa.

"Pisha, mutoto," noko akasema.

"Noko, mulipewa neno gani?"

"Neno ya papa yako. Mbuzi, boma. Bon, tuliua. Tulikausha siku mbili, wanawake hawakulala. Sasa tumekuwa batu ya nyamafu."

"Boma ya lugha gani, noko?"

Akawageukia ndugu zake.

"Mukono yako iko imeshika nini?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshika ukuta, kwa sababu ya mteremko. Akautazama mkono wake.

"Majiwe," akasema.

"Hii majiwe yote, na ile handaki kule chini, na kule juu papa iko anasali, kwa Kiswahili jina yake ni boma. Papa alisema mulete mbuzi hapa. Muzima."

Mmoja wa ndugu zake alicheka kwa pua, nyuma kule. Noko alibaki ameshika jiwe. Niliona ndevu zake zinaanza kutikisika, nikadhani ni hasira, na nikakaza kamba.

"Merci Nzambe," akasema mwishowe, akimshukuru Mungu, "papa yako hakutuma neno: mwari, boma."

Hapo wote walicheka, hata shangazi, ambaye alikuwa amekaa chini hana pumzi ya kucheka. Mume wangu peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama mbuzi.

"Umemutoa wapi?"

Nilimwekea kamba mkononi. Shangazi akamwambia kutoka kule chini alipokaa, "Mushike vizuri, bwana. Huyu angali anapumua."

Tukageuka wote, tukapanda kipande kilichobaki.

Juu ni uwanja tambarare, na pembeni jukwaa la mzinga, mawe yaliyopangwa nusu duara, na michungwa michungu na midimu iliyoota yenyewe kutokana na mbegu za watu wa zamani. Papa alikuwa ameshatoa salamu ya mwisho. Alikuwa anakunja mkeka. Wazee wawili walikuwa wanavaa viatu. Mimi nikaenda nikasimama mbele yake, mahali ambapo mwari hatakiwi kusimama, nikiwa peku, nanuka mbuzi.

Wazee wakageuza nyuso. Papa hakugeuza.

"Nani alikuita?"

"Hakuna mutu, papa."

"Sasa siku hizi mwari anapanda mulima kujiposa?"

Nikamweleza. Nilisema maneno machache, kwa kuwa naye hapendi mengi. Nilisema neno alilotuma lilifika lilivyo, lakini liliposhuka mto liligeuka. Nilisema hawa hawakumtukana, walimtii. Papa akamtazama noko. Noko, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alitia kidole kwenye ukuta akasema, "Boma." Kisha akapiga ngumi yake ya kulia katika kiganja cha kushoto, kama rungu, akasema tena, "Boma." Akafungua mikono yote miwili, kama mtu asiye na kitu cha kuficha.

Papa alisema neno lile kwa midomo tu, mara ya kwanza, mara ya pili, kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Mzee mmoja wa msikitini aliinama akajifanya anatafuta kiatu alichokwisha kukivaa. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

"Ile ya kikapu bado ni nyamafu," papa akasema.

Noko akasema hakuna shida, ile wataila wao, waliikausha kwa mapenzi haiwezi kutupwa. Papa achinje hii.

Papa akamsogelea mbuzi. Akamfungua midomo akatazama meno. Akapapasa miguu, akatazama macho, masikio, chini ya mkia. Mimi nilikuwa nahesabu kasoro kabla yake na sikuiona hata moja. Akasimama akasema, "Mbuzi ni ya nani?"

Nilijua anakwenda wapi. Mbuzi analetwa na mume. Mwari akijiletea mbuzi, ni kama amejioa mwenyewe.

"Tazama kamba iko kwa mukono ya nani," nikamwambia.

Papa akaitazama kamba kutoka shingo ya mbuzi mpaka mkono uliokuwa umeishika. Yule mwenye mkono alikuwa ameikunja mara nyingi kwenye ngumi yake. Papa alitazama muda mrefu. Ndege walikuwa wanapiga kelele katika midimu, na mto huko chini hausikiki kabisa ukiwa juu; unauona tu unakwenda. Niliyokuwa nayo nilikuwa nimeshayasema yote, na kama angekunja mkeka ule akashuka, nilikuwa nimeazimia kushuka nyuma yake na mbuzi wangu na kuanza tena kesho mlangoni kwake.

Akatia mkono chini ya kanzu, akatoa kisu.

"Mulaze," akamwambia mume wangu.

Akamlaza. Lakini alimlaza kichwa kikitazama mto, kwa sababu watu wa mto kila kitu wanakielekeza mtoni, hata wafu wao. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, papa alikuwa amemshika mabega kwa nyuma, anamgeuza taratibu, mtu na mbuzi pamoja, kama anavyomgeuza mtu anayempima nguo.

"Huku, mutoto yangu," akasema. "Mto uache."

Baada ya hapo mimi nilifukuzwa, na ilikuwa haki. Shangazi alinipeleka nyuma ya ukuta wa mawe, na ndugu wawili wa noko wakatumwa pwani kuchukua sufuria ya wali. Walishuka wakinung'unika kwamba kwao mwanaume hatumwi sufuria, lakini walishuka. Mbuzi akachunwa. Utumbo nikaletewa mimi kwenye majani ya mgomba, na kibuyu cha maji.

Kazi ya utumbo haitaki haraka. Unaupasua, unaugeuza, unaukwangua, unausuuza, unaugeuza tena. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wanasema. Sauti za wazee zilikuwa zinaingia katika matundu ya bunduki na kutoka zimekatwakatwa, nusu Kiswahili, nusu Lingala, na sasa kila neno papa alikuwa anauliza, hili kwenu ni nini? Na noko anamweleza, na wanakwenda tena. Nilisikia harufu ya ini linachomwa. Nilisikia sahani inawekwa chini. Halafu kimya, kile kimya cha watu wanaotafuna.

Kisha papa akasema, na alilisema kwa lugha zote mbili ili lisigeuke tena njiani, "Muchukue. Kamata ye."

Shangazi alinifinya paja. "Lia," akaninong'oneza. "Mwari akipewa analia, usipolia watakuona huna haya. Lia."

Nilikataa kulia. Utumbo ulikuwa haujatakata, na maji katika kibuyu yalikuwa yamebaki kidogo.